Mkanda wa Mkulo Namba Saba

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, tarehe 3 Oktoba 2094, mkanda wa kupimia mti wa mkulo namba saba ulisoma kumi na mbili. Saumu Shemzigwa alifuta kioo kwa upindo wa koti, akasubiri dakika tano, akasoma tena. Kumi na mbili.

Ilipaswa kuwa sifuri, au moja. Ukungu ulikuwa umeufunika msitu wote wa Kwemkulo na majani yalikuwa yakidondosha maji, na mti ambao majani yake yamelowa hauvuti maji kutoka ardhini. Saa hiyo mti umepumzika. Saumu alikuwa amekuja kusoma alfajiri kwa sababu ndogo tu: hakupata usingizi, na kazini kulikuwa na utulivu kuliko nyumbani.

Mkanda ulikuwa na sindano mbili zilizochomwa ndani ya shina, moja juu ya nyingine. Sindano ya chini hupata moto kwa sekunde mbili. Maji yanayopanda ndani ya mti hulibeba joto hilo mpaka kwenye sindano ya juu, na mkanda huhesabu muda lililotumia kufika. Joto likifika haraka, mti unakunywa vizuri. Namba inayotokea kwenye kioo ni asilimia ya unywaji wa mti huo ulipokuwa na afya yake yote. Kumbukumbu za miaka kumi na tisa zilionyesha jambo moja bila kukosea: mkulo uliobanduliwa gome ukiwa juu ya thelathini ulipona, na uliobanduliwa ukiwa chini ya thelathini ulikufa kabla ya miezi kumi na minne kwisha. Namba moja mpaka sita zilikufa hivyo. Namba saba ndio uliobaki.

Juzi saa nane mchana ulisoma thelathini na nne. Jana saa nane, thelathini na nne. Kanuni ilitaka siku tatu mfululizo, na leo ilikuwa ya tatu. Namba ikibaki juu ya thelathini, keshokutwa Bi Tunu angebandua kipande kimoja cha gome upande wa machweo, kipande kingepelekwa maabara Tanga, na maabara ingetoa dozi ya mtu mmoja mwenye ugonjwa wa pafu gumu. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Mbaruku Kaniki, umri miaka thelathini na minane, fundi wa mikanda. Alikuwa mume wa Saumu.

Thelathini na nne kutoa kumi na mbili ni ishirini na mbili. Saumu alikuwa ameshaipata hesabu hiyo kabla hajaamua kama anaitaka.

Joto lisilotoka kwenye mti lilikuwa linafika kwenye sindano ya juu. Alivua glovu, akapitisha kiganja juu ya gome. Gome lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akazunguka upande wa macheo, mahali kipande cha mwaka jana kilipobanduliwa. Kidonda kilikuwa kimefunikwa kwa udongo mwekundu uliokandwa na samadi, tabaka nene kama kiganja kilichokunjwa, na ukingo wake wa juu ulikuwa umepanda mpaka chini ya mkanda. Udongo ulikuwa na uvuguvugu. Akachomeka kipimajoto. Nyuzi thelathini na moja. Hewa ilikuwa nyuzi kumi na tatu.

Samadi mbichi huchachuka, na inapochachuka hutoa joto. Mtu yeyote anayefuga ng'ombe milimani anajua.

Akakaa kwenye mzizi, kipimajoto mkononi.

*

Bi Tunu alipanda mlimani saa moja na nusu, kikapu mgongoni, kisu cha gome kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Alikuwa mbanduaji wa kituo kwa miaka thelathini na moja, na kabla ya hapo alikuwa mganga kwa miaka ambayo hakuna aliyeihesabu. Kituo kilipoanzishwa, wataalamu walijaribu kubandua wenyewe kwa mashine, wakaua miti miwili, ndipo wakamtafuta yeye. Alikuwa na utaratibu wake. Kipande kimoja tu kwa mwaka, mwaka mmoja upande jua linapochomoza, unaofuata upande linapozama, na mti hauzungushwi kamwe. Na mti hauombwi gome jipya wakati kidonda cha zamani kiko wazi. Kwanza kidonda hulishwa udongo. Alikuwa pia mama yake Mbaruku.

"Umehamia huku?" alisema alipomwona Saumu. "Mwanangu yuko peke yake kitandani, wewe umekumbatia mti. Angeoa mwanamke wa sokoni angalau angeletewa ndizi."

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Amelalaje?"

"Amekaa. Akilala anakosa pumzi, kwa hiyo amekaa."

"Siku mbili," alisema Bi Tunu, akitua kikapu. "Nimechemsha maji ya kuoshea kisu jana. Siku mbili siyo nyingi."

"Mama, udongo huu uliuweka lini?"

"Ijumaa ya juzi. Kwa nini, umepasuka?"

"Haujapasuka. Mbona mnene hivi?"

"Ng'ombe wa Shekigenda amezaa, samadi ilikuwa nzuri. Nikasema safari hii niulishe vizuri." Alisogea, akaugusa udongo kwa ncha ya kidole kama mtu anayegusa paji la mtoto. "Kuna nini, Saumu? Una sura ya mtu aliyeletewa barua."

Saumu alimweleza. Alieleza kwa utaratibu, kama alivyokuwa akiwaeleza wanafunzi waliokuja kituoni: sindano ya chini, sindano ya juu, joto linalopanda, joto linaloingia kutoka pembeni. Akamwonyesha kipimajoto. Akamwambia namba ya alfajiri, na namba inayobaki ukiitoa.

Bi Tunu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaketi polepole kwenye mzizi wa pili.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi hata wewe hujui."

"Mama."

"Hujui. Umekuja alfajiri bila kutumwa. Kanuni yenu inasema saa nane. Saa nane soma, andika, shuka nyumbani."

"Saa nane itasoma thelathini na nne, na haitakuwa kweli."

"Mtambo ni wenu. Ukidanganya, umewadanganya wenyewe."

Saumu aliinua macho. Juu, mahali ambapo ukungu ulianza kukatika, aliweza kuona ncha za matawi. Tarehe 19 Septemba alikuwa amehesabu vitumba vya maua kwa darubini, vitumba mia nne na sita. Mara ya mwisho mkulo huu kuchanua ilikuwa mwaka 2083, na mvua ya mawe ikaangusha kila kitu. Machipukizi yanayoota kwenye mizizi hayakuwa na faida tena, kwa kuwa yalirithi uozo uleule uliokuwa ukiwala mama zao kutoka chini. Mbegu ndiyo njia pekee iliyo safi. Mbegu ya mkulo haihifadhiki. Isipopandwa ndani ya majuma matatu imekufa. Na mti wenye ishirini na mbili ukibanduliwa gome, kitu cha kwanza unachokiacha ni maua.

"Ulinifundisha mwenyewe," alisema mwishowe. "Siku ya kwanza nilipokuja hapa na viatu vya mjini. Ulisema mti ukikataa, wewe unarudi nyumbani, hata kama mgonjwa ni nani."

"Nilikufundisha wakati mgonjwa ni wa mtu mwingine."

Alisema hivyo bila hasira. Akafungua kitambaa cheupe, akaangalia kisu, akakifunga tena.

"Nimewabandulia watu thelathini na mmoja," akaendelea. "Yule mwalimu wa Handeni, leo anapanda baiskeli. Yule binti wa Muheza ameolewa, aliniletea kitenge. Sikuwahi kumjua hata mmoja kabla ya hapo. Sijawahi kuuomba mti huu kitu cha kwangu. Mwaka huu ndio wa kwanza."

"Na ulipoomba?"

Utaratibu wa kuomba ulikuwa hivi. Siku ya kulisha kidonda, mbanduaji hukwangua alama ndogo upande utakaobanduliwa, ndogo kama ukucha. Kisha huvuta pumzi mara saba taratibu. Alama ikitoa unyevu kabla ya pumzi ya saba, mti umekubali. Ikibaki kavu, mti umekataa, na watu hurudi mwaka mwingine. Maabara iliwahi kulinganisha alama za Bi Tunu na namba za mikanda kwa miaka minane, ikakuta vinatofautiana mara moja tu, na mara hiyo mkanda ndio uliokuwa na hitilafu. Mwaka huu Bi Tunu alishuka mlimani, akamwambia kila aliyemuuliza kwamba alama imelowa. Saumu aliandika hivyo kwenye kumbukumbu.

Bi Tunu alikuwa akiutazama mti, wala hakumtazama mkwewe.

"Ilikuwa kavu," alisema. "Nilivuta pumzi saba. Nikavuta saba nyingine. Nikaweka kidole. Kavu. Nikateremka, ukaniuliza pale mlangoni, na yeye alikuwa anakohoa ndani. Nikasema imelowa."

Ndege alilia mara mbili bondeni. Saumu alitoa mwiko wa chuma kwenye mkoba.

"Usiubandue udongo," alisema Bi Tunu. "Saumu. Nakuomba kama mzazi. Sijakuomba kitu tangu umeingia nyumbani kwangu."

"Kweli hujaniomba."

"Basi."

Saumu alisubiri. Alisubiri muda mrefu kiasi kwamba Bi Tunu alidhani amekubali, akanyoosha mkono kumshika bega. Ndipo akapiga magoti na kuanza kukwangua udongo, kuanzia juu, mahali ulipogusa mkanda. Uliachia kwa mabonge makubwa yenye mvuke. Bi Tunu alimtazama akikwangua nusu ya kwanza. Kisha akabeba kikapu chake, akateremka bila kuaga. Kisu alikiacha kwenye mzizi.

*

Shina lilichukua saa nne kupoa. Saa nane kamili mkanda ulisoma ishirini na mbili. Saumu aliuzima, akauwasha, akasoma ishirini na mbili. Akabadilisha betri, akasawazisha sindano kwa maji ya barafu kama mumewe alivyomfundisha, akasoma mara ya tatu. Namba haikubadilika.

Akampigia simu Daktari Mhando, msimamizi wake, aliyekuwa Tanga.

"Ishirini na mbili," alirudia Mhando. "Jana uliniletea thelathini na nne."

Akamweleza habari ya samadi.

"Bi Saumu, niseme kitu kama mtu, si kama ofisi. Kwenye meza yangu nina siku mbili zenye thelathini na nne na alama iliyolowa. Hakuna ambaye angekuja kupima joto la udongo."

"Najua."

"Nani anafuata kwenye orodha unajua pia."

"Daktari, najua."

"Una hakika unataka niandike ulichoniambia?"

"Nimeshakwambia. Na alama haikulowa. Iandike pia, lakini andika kuwa nimekosea mimi kuinukuu."

"Hilo siyo kweli, nadhani."

Saumu alifikiri. Katika siku nzima hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kupendekeza uongo, na aliuona ulivyo mdogo.

"Basi acha," alisema. "Andika ilivyo."

Saa tisa na dakika tano mkulo namba saba ulifungwa mpaka mbegu zitakapoiva na mti kurudi juu ya thelathini. Hakuna mtaalamu aliyekadiria muda huo kuwa chini ya miezi kumi. Mgonjwa wa pafu gumu aliyefika hatua ya Mbaruku huishi siku kumi na mbili kwa wastani.

*

Mbaruku alikuwa amekaa kitandani, mito mitatu mgongoni, mrija wa hewa puani. Mezani kulikuwa na mkanda mbovu aliokuwa ameufungua tangu Agosti, skrubu zake zikiwa zimepangwa kwenye kifuniko cha chupa. Alizungumza kwa vipande, akivuta hewa katikati.

"Mke wa watu wawili," alisema alipomwona. "Mwenzangu hajambo? Yule mwenye gome."

Saumu alikaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa na udongo kwenye kucha.

"Mama amepita hapa," alisema Mbaruku. "Ameniletea uji. Hakusema kitu. Mama yangu kutosema kitu." Alivuta hewa. "Ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Jana ilikuwa..."

"Samadi. Mama aliiweka mbichi, ikachachuka chini ya sindano ya juu."

Alimtazama. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na Saumu alimshika kifua mpaka kikaisha.

"Samadi," alisema. "Miaka kumi na tano natengeneza mikanda. Nimeziba mvua, nimeziba mchwa, nimeziba nyani. Samadi sikuiwaza." Akapumua. "Umepima mara ngapi?"

"Tatu."

"Maji ya barafu?"

"Ndiyo."

"Basi ni ishirini na mbili."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni. Mbaruku alisubiri mpaka shoka likanyamaza.

"Zile mbegu," alisema. "Zikiota zote. Gome lake linafaa lini?"

Alijua jibu. Sehemu tatu za dawa maabara iliweza kuzitengeneza. Ya nne ilitengenezwa na kuvu nyembamba inayoishi ndani ya gome hai tu, na kuvu hiyo haiingii kwenye mti mchanga.

"Miaka themanini."

"Kwa hiyo kuna mtu. Miaka themanini ijayo. Anaitwa nani?"

"Mbaruku."

"Nauliza. Anaitwa nani? Mimi naitwa Mbaruku, unanifahamu, unajua ninavyokoroma. Yeye?"

"Sijui anaitwa nani."

"Ungeniuliza kwanza. Ungeshuka, ukaniuliza, halafu ukakwangua."

"Ungesema nini?"

Alifumba macho. Mrija ulitoa mlio wake mdogo, ukanyamaza, ukatoa tena.

"Ningesema nyamaza," alisema. "Ningekwambia nyamaza, nataka kuishi."

"Ndiyo."

"Ndiyo maana hukuniuliza."

"Ndiyo maana."

Alichukua skrubu moja kwenye kifuniko cha chupa, akaizungusha kati ya vidole viwili.

"Sitaki kukusamehe haraka haraka," alisema. "Nitakuwa nafanya kwa ajili yako. Nipe siku mbili tatu niwe na hasira yangu. Kama ninazo."

"Chukua."

"Na usilie hapa. Hewa ya chumba hiki ni ndogo, tunagawana."

Saumu aliinuka, akaenda kunawa udongo. Alipotoka alimkuta Bi Tunu uani, ameinamia jiko, akikoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu kinachohitaji kukorogwa. Alimwamkia. Bi Tunu hakuitika.

*

Tarehe 6 Oktoba Mbaruku aliacha kula vyakula vigumu. Tarehe 8 aliomba mkanda mbovu uondolewe mezani. Bi Tunu alihamia nyumbani kwao, akalala kwenye mkeka upande wa kichwa cha mwanawe. Wanawake hao wawili waligawana zamu za kumkalisha na kumgeuza, wakapishana mlangoni mara nyingi kwa siku, mmoja akiwa na beseni, mwingine akiwa na shuka, na kwa siku tisa Bi Tunu hakumwambia mkwewe neno hata moja. Maagizo aliyatoa kwa kupitia mgonjwa. "Mwambie mkeo maji yamechemka." Mbaruku alitii mwanzoni kwa mzaha. Kisha akawa hana pumzi ya kutosha kupeleka ujumbe, na maji yakachemka bila kutangazwa.

Saumu alipanda kituoni kila saa nane, akasoma, akateremka. Ishirini na mbili, ishirini na moja, ishirini na tatu. Vitumba vilikuwa havijafunguka. Tarehe 10 Mbaruku alimuuliza vimebaki vingapi, naye akamjibu mia tatu na tisini. Alitikisa kichwa kidogo, kama fundi anayepokea kipimo ambacho si kizuri wala si kibaya. Hiyo ndiyo mara ya mwisho walipozungumza juu ya mti. Habari ya kusamehe hakuigusa tena, na Saumu hakuuliza.

Tarehe 12 Oktoba, muda mfupi baada ya saa tatu asubuhi, kipimo cha oksijeni kwenye kidole cha Mbaruku kilishuka chini ya hamsini na hakikupanda. Saumu alikuwa upande wa kulia, ameushika mkono. Bi Tunu alikuwa upande wa kichwa, akimsomea sikioni kwa sauti ya chini. Kati ya pumzi moja na nyingine kulipita sekunde kumi na moja, kisha kumi na tisa. Saumu alihesabu kwa sababu hakujua kuacha. Alipofika mia moja na ishirini alikuwa bado anahesabu, na Bi Tunu alikuwa ameshanyamaza.

Bi Tunu alipitisha kiganja juu ya macho ya mwanawe, akayafumba. Akafungua ncha ya kanga yake, akararua ukanda, akamfunga taya. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika kumi na saba.

"Mshike miguu, mwanangu," alisema bila kuinua kichwa. "Mnyooshe kabla hajapoa."

Saumu akaiachia ile hesabu. Akazunguka kitanda, akamshika mumewe miguu, akamnyoosha.